Gari si Ghala

Neema, mchumba wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mlali tu wazima, na bibi yako bado ananishinda kwa maneno.

Umeuliza tuweke sumu gani ili panya wasiharibu gari lako mpaka urudi. Usinunue yoyote! Wauza sumu wanatudanganya kwamba tatizo ni panya. Tatizo ni sisi, na nitabishana na yeyote.

Nilipokuwa kijana, baba alijaza mahindi ndani ya pikapu yake iliyolala bandani, eti kwa sababu ina kufuli. Siku ya harusi ya dada yangu pikapu haikuwaka. Panya walikuwa wamemaliza mahindi, wakahamia kwenye nyaya. Dada akashuka mlima kwa miguu hadi kanisani, shela mkononi, akisema mbele ya wageni, "Baba, panya wako wameshiba, mimi natembea!"

Juzi mjomba wako kaleta maharage. "Baba, gari limekaa tupu, si tuyaweke humo?" Nikamfukuza. Nimelifagia, halina hata punje, na leo limewaka mara moja.

Magunia yake ya maharage yamo chumbani kwetu. Bibi yako anasema panya wakija, atanihamisha mimi, si maharage.

Babu yako