Wote Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Oktoba 2016. Jeddah

Nimenoa jozi arobaini na moja za viatu vya barafu kabla ya saa sita. Vidole vinanuka chuma. Miwani niliyopewa ina ufa, cheche zinaingia. Nimemwambia Ustadh Samir, msimamizi wetu hapa uwanja wa barafu, mara tatu. Anasema bukra, kesho. Bukra yake haina tarehe.

Saa nane vijana wa hoki walifanya mazoezi. Walikuja kumi na mmoja. Nilikaa juu ya gari la kulainishia barafu na daftari hili. Kocha Matti yuko Riyadh. Ni Mfini, mhandisi wa mitambo ya maji, na siku za mapumziko anafundisha timu ya vijana wa nchi nzima. Alisikia kwamba niliwahi kuwa kipa katika uwanja wa barafu wa hoteli kule Nairobi, enzi nilipokuwa mhudumu wa meza pale. Akaniomba nimwangalie mshambuliaji mmoja wa hapa, nimwandikie kila wiki.

Anaitwa Yazid. Miaka kumi na saba. Mchujo ni tarehe 4 Novemba, Riyadh. Mwakani atakuwa amevuka umri. Asipopita sasa, basi.

Ripoti ya kwanza: mbio nzuri mno. Mikono laini, paki, kile kisahani cha mpira, inamganda gongoni. Shuti fupi, kipa hana muda wa kujiandaa. Anainua kichwa kabla ya kutoa pasi, na hilo halifundishiki. Kurudi kukaba, mvivu.

Nimetuma. Magoti yanauma. Nalala.

Alhamisi, 6 Oktoba

Leo magoli matatu. Yote kutoka ubavu uleule, akizunguka nyuma ya goli na kutokea kama mtu aliyesahau kitu. Nimeandika: ana njaa ya goli.

Mutiso, ninayekaa naye chumba huku mtaa wa Kandara, dereva wa familia moja, alichungulia daftari begani kwangu. Hana adabu. "Buda, wewe unapewa nini kwa hii homework yote?" Nikamwambia sipewi kitu. Alicheka mpaka akakaa chini.

 Ukweli ni kwamba kwa saa moja, mara mbili kwa wiki, mtu ananiuliza ninaona nini. Siku nyingine zote naulizwa choo kiko wapi.

Jumatatu, 10 Oktoba

Yazid ameniletea sambusa za mama yake kwenye karatasi ya foili. Ananiita kabten, kama wanavyowaita wote wanaofundisha mchezo. Sijamfundisha kitu. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Basi nifundishe, kabten." Nilikula sambusa, nikarudi kwenye mashine.

Ripoti ya pili sawa na ya kwanza. Kukaba, afadhali kidogo.

Ijumaa, 14 Oktoba

Watu kama siafu. Tulifungua baada ya asri na saa kumi na moja hapakuwa na jozi hata moja ya namba arobaini. Nilisimama katikati na filimbi kwa muda wa saa tano, ukiondoa dakika za swala. Sheria ya uwanja: wote upande mmoja, kuzungukia kushoto. Anayekwenda kinyume, filimbi. Akirudia, nje. Nimefanya kazi hii miaka minne na nadhani nimepuliza filimbi mara nyingi kuliko nilivyotaja jina la mwanangu.

Mtoto mmoja alinitolea ulimi. Nilimwelewa.

Jumanne, 18 Oktoba

Jana sikuandika. Nilikuwa na hasira na sikujua ni ya nani.

Jana baada ya mazoezi niliwasha gari kulainisha barafu. Kabla ya kuanza huwa naangalia michirizi, maana ukijua palipochimbika unajua pa kushusha kisu. Kwa mara ya kwanza niliisoma. Yazid ana chuma cha upana wa pekee, babake alimletea kutoka nje, na mchirizi wake naujua. Wote ulikunja kushoto. Kila kona. Kulia hakuna hata mmoja. Mahali alipotakiwa kugeuka kulia, alikuwa amezunguka kushoto duara zima ili aelekee alikotaka.

Nilirudi kwenye kumbukumbu za magoli yake. Ubavu uleule. Niliuita njaa ya goli. Kumbe ndio mlango pekee alionao.

Leo alikuja kuteleza na watu wengine, nikamwita kabla hajavua viatu. Nikamwambia ageuke kulia, polepole. Alianguka. Akacheka. Akajaribu tena, akaanguka. Akaacha kucheka.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. "Hapa," akasema. "Na watu wote, kila siku baada ya shule. Tangu nina miaka kumi na tatu." Halafu akasema alikuwa anapenda kwenda kinyume ili kukwepa watu, mpaka mwenye filimbi alipomfukuza mara mbili.

Hakukumbuka ni nani mwenye filimbi. Mimi nimekumbuka. Mtoto wa jaketi la njano, meno yenye waya. Mara ya pili nilimnyang'anya tiketi.

Ripoti mbili nimetuma na sikuona. Hapa wote wanageuka kushoto. Jicho langu lilizoea hivyo.

Alhamisi, 20 Oktoba

Mpango. Wakati wa swala ya magharibi watu wote hutolewa kwenye barafu, mlango unateremshwa nusu, dakika thelathini. Sisi tusioswali hunywa chai chumba cha mashine, kisha mimi nalainisha. Yazid ataswali kwenye chumba cha kuswalia cha ghorofa ya chini na kukimbia juu. Tutabaki na dakika kumi na mbili hivi. Nitalainisha haraka mwishoni. Chai, mafi, hakuna tena.

Leo siku ya kwanza. Kuzunguka kulia tu, bila gongo, bila paki. Alikuwa kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. Ameanguka mara tisa. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza.

Jumapili, 23 Oktoba

Sikwenda ibada ya chumbani kwa wenzetu wa mtaa wa Hindawiyah. Nilikuwa nimelala na viatu. Mutiso aliniombea, anasema. Sijui aliomba nini.

Dakika kumi na moja leo. Kona ya kulia anaipita sasa akiwa haendi kasi. Akikimbia, mguu wa kushoto unakataa kuvuka mbele ya wa kulia. Mwili wake umekariri wimbo mmoja.

Jumanne, 25 Oktoba

Ustadh Samir ameona barafu haijalainishwa vizuri pembeni. Mama mmoja alilalamika. Samir si mtu mbaya, Msudani mpole, ana kisukari na watoto sita. Alisema, "Yalla, ya sadiki, rafiki yangu, mimi sitaki kujua. Lakini barafu iwe safi." Nikasema hadhir, sawa.

Kwa hiyo sasa ni dakika nane.

Alhamisi, 27 Oktoba

Kocha Matti ameandika. Mstari mmoja. Anageuka pande zote mbili?

Nimekaa na simu kuanzia saa nne asubuhi. Kila ninaponoa jozi moja nausoma tena ujumbe wake. Ningeweza kusema ndiyo, anageuka. Si uongo kamili, akienda polepole anageuka. Kocha anaamini ninachoandika. Hajawahi kumwona kijana huyu zaidi ya dakika kumi za video. Siku ya mchujo kuna vijana thelathini uwanjani, huenda asione.

Nikiandika ndiyo, Yazid ana nafasi. Nikiandika hapana, nimemfungia mlango kwa mkono wangu mara ya pili. Lakini akipita kwa uongo, mabeki wa timu za ng'ambo watamsukuma kulia na kumponda ukutani. Nimewahi kuona bega la mtu likitoka. Sauti yake naikumbuka.

Nimechoka. Sipendi kuulizwa tena.

Ijumaa, 28 Oktoba

Nimetuma: Kushoto, bora kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Kulia hawezi akiwa kasi. Kosa ni la uwanja huu, si lake. Ameanza kujifunza wiki iliyopita na anajifunza haraka.

Kocha alijibu: Asante.

Yazid sikumwambia. Leo alipita kona ya kulia na paki gongoni, mara moja, bila kuanguka. Alinyanyua mikono kama amechukua kombe. Nami nilinyanyua. Najiona mnafiki.

Alhamisi, 3 Novemba. Riyadh

Safari ya basi, saa kumi na nne na vituo vya ukaguzi. Kafili, mwajiri anayenidhamini, alinipa ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, kwa siku nne, akaniambia nisiipoteze, utadhani ni yake. Babake Yazid alilipa nauli ili nije kunoa viatu vya mwanawe na kubeba mfuko wa vifaa. Yazid amekuja kwa ndege na binamu yake. Sina kinyongo. Magoti ndiyo yenye kinyongo.

Kabla ya kulala nilikwenda kuuona uwanja. Watu wa kawaida walikuwa wakizunguka kushoto. Kuna mlinzi Mnepali, mwembamba, filimbi kama yangu. Akapuliza mara mbili, watu wote wakasimama, wakageuka, wakaanza kuzunguka kulia. Hakuna aliyeshangaa. Watoto wadogo walikuwa wepesi kuliko wakubwa.

Nilimuuliza nani alimwagiza. Akasema hakuna. Kila nusu saa anawageuza. "Barafu inaisha upande mmoja," akasema, "halafu mimi nasumbuka kuilainisha."

Nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Miaka minne nimelainisha kona zilezile nikitukana.

Ijumaa, 4 Novemba. Riyadh

Baada ya swala ya Ijumaa. Vijana thelathini na wawili.

Robo saa ya kwanza Yazid alikuwa mfalme. Magoli mawili, pasi moja ambayo sijui aliionaje. Binamu yake alikuwa amesimama juu ya kiti. Kocha Matti, mrefu, kimya, alikuwa na karatasi. Halafu akawaita mabeki wawili akawanong'oneza.

Nilijua anasema nini. Niliyaandika mimi.

Wakaanza kumfungia kushoto. Kila akipata paki, njia iliyobaki ni kulia. Mara ya kwanza alijaribu duara lake zima, wakamnyang'anya. Mara ya pili aligeuka kulia kweli. Mguu ulivuka. Nilisimama. Kisha chuma kikakwama, akaenda kwa tumbo mpaka ukutani. Mara ya tatu alitoa pasi kabla ya kufika kona. Aliogopa. Sijawahi kumwona akiogopa barafu.

Majina ishirini yalisomwa. Lake halikuwamo.

Kocha alinifuata, akanipa mkono. Alisema kijana ana kipaji, lakini wiki mbili hazitoshi na muda wake umekwisha. Kisha akasema nina jicho zuri, kila nilichoandika amekiona. Angependa nimwangalizie vijana wengine wawili wa Jeddah. Nikasema asante, nitafikiri. Nilijichukia.

Yazid nilimkuta nje ya chumba cha kuvalia, viatu shingoni. Nilimwambia yote pale pale, nisije nikapata muda wa kuogopa. Kwamba Kocha aliuliza, na mimi nilijibu. Na kwamba mwenye filimbi alikuwa mimi.

Aliniangalia sana.

"Nilikuwa na jaketi la njano," akasema.

"Ndiyo."

"Ungenyamaza tu, kabten."

Akavua viatu shingoni, akavitia kwenye mfuko niliobeba, akaondoka na binamu yake. Mfuko wa vifaa nimebaki nao.

Jumapili, 6 Novemba. Jeddah

Basi tena. Ikama nimeirudisha. Mfuko uko chini ya kitanda, unanuka jasho la mtoto wa watu. Mutiso aliuliza matokeo. Nilipomwambia hakutania. Alinipikia ugali, alikuwa ameuficha unga kwa ajili ya Krismasi. Nililia kidogo nikiwa nimeelekea ukutani.

Jumatano, 9 Novemba

Kocha ameandika tena kuhusu vijana wawili. Sijajibu.

Yazid hakuja mazoezini Jumatatu. Mfuko nilimpelekea bawabu wao. Nilikuwa nimevinoa viatu pande zote mbili, chuma kikawa sawasawa kwa mara ya kwanza tangu aanze kuvivaa hapa.

Ijumaa, 11 Novemba

Nilizungumza na Ustadh Samir. Nilimwambia kila nusu saa nataka kuwageuza watu. Aliuliza kwa nini. Nikasema barafu inaisha upande mmoja. Alifikiri, akasema watu wataanguka. Nikasema wataanguka wiki moja. Halas, basi, akasema, jaribu.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimeandika kwa Kocha. Nitawaangalia hao wawili. Nimemwambia nitaanza na upande wa kulia.

Jioni watu walikuwa wachache. Saa kumi na nusu nilipuliza mara mbili na kuwaonyesha kwa mkono. Vurugu kidogo. Baba mmoja alishika ukuta akanilaumu kwa Kiarabu nisichokielewa chote. Msichana wa miaka sita hivi, soksi za waridi, alizunguka kulia kama ndivyo alivyozaliwa, akampita babake, akampita tena.

Yazid alikuwa amekaa kwenye viti vya juu na chipsi. Sikumwona alipoingia. Alitazama mzunguko mzima. Kisha akashuka, akakata tiketi dirishani kama mtu yeyote, akafunga viatu vyake, akaingia. Hakunisalimia. Alikwenda kulia, polepole, mkono karibu na ukuta. Kona ya pili akaanguka. Soksi za waridi zikampita.

Aliinuka, akajikung'uta magoti, akaendelea. Mzunguko wa nne alipopita karibu yangu alisema, bila kunitazama, "Usipulize bado, kabten."

Nusu saa ilikuwa imekwisha. Nilitia filimbi mfukoni, nikamwacha amalize kona.