Wino wa Mkono wa Kushoto

Cutter's Ford, Alabama
Alhamisi, 5 Desemba 2024

Kaka yangu mpendwa Alton,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wifi yangu Dorothea, pamoja na wajukuu wote waliowajazia nyumba wiki ya sikukuu ya Shukrani. Goti linasemaje na baridi hiyo ya Toledo? Jumapili kwenye simu ulisema linakusumbua ukishuka ngazi, halafu ukabadilisha maneno upesi ukidhani sikusikia. Nilisikia. Lipake ile dawa niliyokutumia, na usimwachie Dorothea kazi ya kukukumbusha kama mtoto. Mimi ni mzima. Sukari yangu imetulia, na mti wa pikani wa Mama umezaa mwaka huu mpaka mgongo umechoka kuinama. Kifurushi cha njugu zake kinakuja nyuma ya barua hii.

Najua hujafika hapa bila kujiuliza Korongo, timu yetu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, watafika wapi. Haya basi. Jumamosi ya mwisho ya msimu tuliwafunga Marlow ishirini kwa kumi na saba. Teke la mwisho, mpira uligonga mlingoti wa goli, ukafikiri kidogo, ukaingia. Kesho yake jina letu likasomwa kati ya timu ishirini na nne za mtoano, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Jumamosi iliyopita tukacheza hapa nyumbani tukashinda tena. Keshokutwa tuko kaskazini, kwenye theluji, na nusu ya vijana wetu hawajawahi kuiona theluji ila ndani ya friji. Wazee wa kwa kinyozi Purvis wanasema tukivuka hapo hata fainali tunaiona. Mimi nasema mrushaji wetu wa mpira analindwa asiangushwe na vijana wawili wanaomaliza chuo mwaka huu, na mmoja wao anachechemea. Ndiyo maana mji mzima ulikuwa unamlilia Jamarion Sykes.

Huyu Jamarion ni kijana wa Mississippi, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Futi sita na inchi saba, ratili mia tatu na kumi. Kazi yake ni kumlinda mrushaji, na akisimama mbele yako mchezo wako wa siku hiyo umekwisha. Amelelewa na bibi yake, Bi Ernestine. Vyuo ishirini na viwili vilikuwa vinamtaka, vile vikubwa vyote unavyovijua, na sisi tulikuwa mkiani kwenye foleni. Lakini barua zetu alizijibu kila wiki, na za wakubwa hakuzijibu. Hao ungewaambia lile neno lako, kwamba asiyekuandikia keshakujibu. Ila sisi alituandikia, na hilo likaninyima raha, nikitaka kujua sababu. Unanijua. Mimi ndiye niliyefungua zawadi za Krismasi za nyumba nzima nikazifunga tena, Mama akanichapa kwa sababu nilizifunga vizuri kuliko yeye.

Sasa nikueleze jambo la kazi yangu ambalo sijawahi kukueleza vizuri. Ukiniuliza, huwa nasema napanga safari za timu na vyumba vya wageni. Ni kweli, lakini si yote. Kocha Lassiter anaamini kijana hapatikani kwa ujumbe wa simu, anapatikana kwa barua ya mkono. Naye mwandiko wake ni kama kuku kapita kwenye unga. Basi miaka sita hii barua za Kocha naziandika mimi, na jina lake naliandika mimi. Si sisi peke yetu tunaofanya hivyo, na sikuona dhambi. Aliniambia niandike chochote, mradi nisimwahidi mtoto wa watu namba kwenye timu. Nikawa namwandikia Jamarion habari za mvua, za mrushaji wetu anayeimba bafuni akidhani hasikiki, za mti wa pikani. Nikamuuliza bibi yake hupika nini Jumapili. Akajibu kurasa mbili, akauliza kama mti umezaa. Nilicheka peke yangu pale mezani, nikamwambia umezaa.

Mwezi wa kumi Kocha akaenda kwao kama desturi. Alirudi ameshiba na amefurahi. Alikula kambale wa kukaanga sahani mbili na bakuli la pudini ya ndizi, akamsainia Bi Ernestine mpira mpya. Ila alisema yule bibi hachekicheki ovyo, na wakati anasaini alimkodolea mkono kama mtu anayesahihisha mtihani. Tukacheka sote ofisini, na mimi nikacheka nao.

Mwezi wa kumi na moja ndipo pua yangu ilipoanza kuwasha. Kila mwaka wiki ya kwanza ya mwezi huo huwa naagiza karatasi za barua za mwaka unaofuata, zenye jina la Kocha juu. Nilipomuuliza safari hii akasema, ngoja kwanza, Verlene, hakuna haraka. Kaka, miaka sita na mtu huyu, hata chumvi huiomba kwa haraka. Wiki iliyofuata akapiga simu mama mmoja wa shule ya jimbo jingine, anaomba rekodi za wasichana wawili wa Lassiter wanaohamia Januari. Mtu alikuwa amempa namba ya ofisi badala ya ya nyumbani. Niliandika ujumbe nikauweka mezani kwa Kocha. Akausoma, akaukunja, akautia mfukoni, na hakunitazama usoni. Kwa Purvis nao walikuwa wameshaanza minong'ono. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Jamarion na bibi yake walikuja kututembelea Ijumaa, kesho yake ndiyo mechi ya Marlow. Kijana akachukuliwa na wachezaji, bibi nikaachiwa mimi. Ni mwanamke mfupi, mkoba mkubwa, macho hayatulii. Nilimwonyesha maktaba, nikamwonyesha bweni, akapapasa mpaka magodoro. Tulipofika ofisini kwangu akaomba nimwandikie njia ya kwenda hotelini, eti simu yake haielewi. Nikachukua kalamu. Unajua mkono wangu. Mama aliufunga kitambaa, mwalimu akaupiga rula, na bado ni wa kushoto, na bado unaburuta wino kila mstari.

Akaipokea ile karatasi, akaigeuza kwenye mwanga. Akasema amefundisha darasa la pili miaka thelathini na moja, na watoto wa mkono wa kushoto alikuwa anawajua kwa kutazama daftari tu, wino umesuguliwa kuelekea kulia. Barua zote za Kocha zina msuguo huo, na Kocha alisaini mpira kwa mkono wa kulia. "Kwa hiyo mwenye mti wa pikani ni wewe," akasema.

Niliona aibu, kaka, hata shingo ikapata moto. Yeye akacheka kidogo. Akaniambia Jamarion humsomea zile barua kwa sauti wakati wa chakula, na ile ya mrushaji anayeimba wameisoma mara tatu. Kisha kicheko kikamwisha. Akasema mjukuu wake anataka kuja hapa kwa ajili ya mtu anayeandika barua zile, na anadhani mtu huyo ni Lassiter. "Sasa nijibu kama mtu uliyezaliwa na mama. Huyo Lassiter mwakani yupo?"

Nilisikia timu inafanya mazoezi nje ya dirisha. Nilijua nikisema yupo, Jamarion ni wetu, na mrushaji wetu ana ukuta kwa miaka minne. Nikisema hayupo, nimeiangusha timu yangu mwenyewe kabla hata mtoano haujaanza, na ikijulikana nimekwisha kazi nikiwa na miaka hamsini na minne. Ningeweza kusema sijui. Isingekuwa hata uongo kamili.

Nikamwambia karatasi za mwakani sijaruhusiwa kuagiza. Nikamwambia na ile simu ya shule.

Akafunga mkoba wake. Akaniambia asante, mwanangu, akauliza chakula cha mchana ni saa ngapi. Kesho yake alikaa uwanjani muda wote na blanketi magotini, na mpira ulipogonga mlingoti ukaingia alipiga makofi kama sisi.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya vijana wa sekondari kutia saini kwenye vyuo. Ofisi nzima tuliketi mbele ya televisheni. Ukumbi wa mazoezi wa shule yake umejaa, meza mbele, kofia tatu za vyuo juu yake, avae ya chuo anachokichagua, mbili za wakubwa na ya kwetu ya kijani. Bibi kakaa pembeni yake na kofia yake ya kanisani. Jamarion akasimama. Mkono ukapita juu ya ya kwanza, ukapita juu ya ya pili, ukafika kwenye ya kwetu, na msaidizi wa Kocha akanikamata bega nusura alivunje. Halafu yule mtoto akaketi, hajashika kitu. Akasema hatasaini popote mpaka Februari. Akasema bibi yake amemfundisha asiweke jina lake kwenye karatasi kabla hajamjua aliyeiandika.

Kocha akainuka akatoka. Kwa Purvis ndiko kulikowaka moto. Mmoja anasema bibi kanunuliwa, mwingine anasema mtu kashindwa kuchagua kofia, ataweza kuchagua wa kumzuia? Purvis akawaambia, nyinyi wenyewe mmekaa kwenye kiti changu miaka thelathini na hamjachagua mtindo wa nywele. Nilikuwa pale namsubiri mwanangu anyolewe. Nilisoma gazeti nimelishika kichwa chini miguu juu.

Leo asubuhi Kocha akawakusanya wachezaji akawaambia ukweli, kwamba mtoano ukiisha anaondoka, amepata chuo kikubwa. Wengine walilia. Mrushaji wetu, yule mwimbaji, akasimama akasema, "Basi tutakuchelewesha, Kocha, mpaka Januari." Hapo ndipo wakacheka, na nadhani Jumamosi watacheza kama watu wenye sababu. Kwa hiyo kama unaniuliza tutafika wapi, sijui, lakini kwa mara ya kwanza wiki hii natamani kujua.

Saa sita mchana Bi Ernestine akanipigia simu. Alikuwa ameshasikia. Akasema kofia mbili kaziweka kabatini, ya kijani bado iko mezani jikoni, wanamsubiri kocha mpya waone ni mtu wa namna gani. Kisha akasema Jamarion anauliza kama barua zimekoma. "Endelea kumwandikia," akaniambia, "ila safari hii weka jina lako."

Nikachukua karatasi nyeupe isiyo na jina la mtu. Nikaandika mpendwa Jamarion, kalamu ikagoma. Kuna barua nyingine ambayo ilipaswa kufika kwanza. Kaa kitako, kaka.

Unakumbuka yule kocha wa chuo kikubwa aliyekuja kwetu majira ya baridi ya 1984. Alikula sukumawiki na mkate wa mahindi wa Mama, akakushika bega mlangoni, akasema subiri barua yangu. Ukasubiri. Kila jioni ukirudi mazoezini uliniuliza kama posta imepita, nami nikakwambia imepita, hakuna kitu. Ukasaini hapa, dakika kumi kutoka nyumbani. Mwaka wa pili goti likavunjika, ukaenda Ohio kiwandani kwa watu, na miaka arobaini umesema hawakukuandikia. Kila ukilisema lile neno lako, mimi huinuka nikaenda jikoni kutafuta kitu ambacho sikukipoteza.

Walikuandikia. Barua ilikuja wiki ya mwisho ya Januari. Niliitoa kwenye sanduku kwa mkono huu huu. Wiki mbili kabla, Mama alianguka jikoni kwa sukari kushuka, na wewe ndiye uliyejua kumnywesha maji ya machungwa taratibu mpaka akafumbua macho. Mimi nilisimama tu na sahani mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikafikiri, Alton akienda, Mama atanifia mikononi. Nikaificha kwenye mtoto wa meza ya cherehani, chini ya vifungo. Nilikusudia kukupa kesho yake. Kisha ukasaini. Kisha goti. Kila siku iliyopita iliifanya iwe nzito zaidi, mpaka mkono ukashindwa kuinua.

Siwezi kukwambia nilikuharibia maisha, wala siwezi kukwambia sikukuharibia. Pengine goti lingevunjika na huko. Pengine ndani wamesema samahani, tumepata mwingine. Mimi mfungua zawadi, mimi mpekuzi wa ukoo, hiyo moja sikuifungua. Nimehama nayo nyumba tatu. Nimeiinua kwenye mwanga mara ngapi sijui, nikairudisha. Niliona nimekuibia kupokea, nisikuibie na kusoma.

Imo humu ndani, nyuma ya karatasi hii. Gundi imekauka lakini haijaachia.

Naomba radhi, kaka. Sikuombi usikasirike, kasirika unavyotaka. Barua hii naituma kwa posta ya haraka ikufikie kesho, na Jumamosi kuanzia saa sita nitakuwa nyumbani, televisheni imewaka, simu iko karibu. Ukinyamaza nitaelewa pia, maana neno lako nalijua.

Mbusu Dorothea kwa niaba yangu, na watoto wote, na yule mdogo asiyetaka kuvaa viatu. Mungu akulinde na barafu za ngazi hizo.

Ni mimi mdogo wako, kwa mkono wangu na jina langu,

Verlene

N.B. Ukiifungua, niambie wamesemaje. Hata kama ndilo neno la mwisho utakaloniambia.