Kiti cha Marehemu

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Ile oili mliyomwaga gerejini wekeeni mchanga, dada yenu asije akateleza.

Asubuhi mliponionyesha kiti kipya nikaondoka kimya, msidhani sina shukrani. Gari la baba yenu limewaka, na mikono yenu nimeiona ilivyochubuka. Lakini kile kiti cha dereva mlichokitupa jalalani eti kimebonyea, aliyekibonyeza ni yeye. Tangu tumzike, nikizidiwa naenda kukaa humo, mgongo wangu pale ulipokuwa wake.

Kiti kipya ~~king'oeni~~ kiacheni. Gari ni la kuendeshwa.

Cha zamani kifuateni kabla jalala halijazolewa, mkiweke chumbani kwangu. Msikipanguse.

Mama yenu