Dawa Ndani ya Tangi Kubwa

Mume wangu,

Pole na kazi za huko. Mwanao ameota jino la pili.

Samaki wako waliingiwa na vimelea, wakajaa vidoa vyeupe kama walionyunyiziwa chumvi. Nikafanya ulivyonifundisha: nikawahamishia tangi dogo la wagonjwa, na humo ndimo nikatia dawa ya shaba. Tangi kubwa likabaki bila samaki ili vimelea vife kwa njaa. Nikamwambia mama yako, "Mama, dawa isiingie humu, matumbawe yaliyo hai humu hayaiwezi."

Niliporudi kutoka dukani nilimkuta kando ya tangi kubwa na chupa tupu ya dawa. "Mkwe wangu, una ubahili wa dawa," akacheka. "Ugonjwa umeanzia huku, wewe unatibu kule!"

Matumbawe yote yamekufa, pamoja na konokono na wale kamba wadogo. Miaka yako yote ya kuyalea nimeizoa kwa ndoo, na bado nyumba inanuka. Sikumgombeza, maana alidhani anasaidia. Nilipokupigia ukasema, "Mvumilie, ni mama yangu." Nikavumilia.

Jana mtoto alipata homa. Nilikwenda kuanua nguo, nikarudi nikakuta mama yako amesaga vidonge vyake vya maumivu ya miguu kwenye maziwa, na mtoto ameshanyweshwa nusu kikombe.

Nakuandikia nikiwa wodini. Mtoto anapumua kwa shida, mkono wake umeshika kidole changu, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Njoo uwalishe samaki wako, wao wamepona. Mtoto akiamka, simrudishi nyumba ile.

Mkeo