Nusu Kidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Shangazi mshauri, shikamoo. Nisaidie, maji yamenifika shingoni. Mimi ni fundi cherehani, na binti yangu wa miaka sita, tunamwita Kidoti, alivimba macho na miguu, hospitali wakasema figo zinavujisha protini, wakampa vidonge vya steroidi, na daktari akanieleza vizuri kabisa kwamba kila asubuhi nichovye kijiti kwenye mkojo wake, niandike rangi kwenye daftari, kwa sababu siku ambazo mkojo utachukua kusafika ndizo zitakazomwonyesha yeye daktari jinsi mtoto atakavyoendelea. Basi wiki ya pili tu uso ukawa duara, analia ovyo, hashibi, shuleni wakamwita Puto, mama mkwe naye akaja juu, "Unaniulia mjukuu kwa madawa!", nikaingiwa na huruma ya kijinga, nikawa nakata kila kidonge kwa wembe ninaofumulia nguo, nusu nampa, nusu naficha kwenye kopo la vifungo. Kijiti kikabaki kijani kila siku, yaani protini bado inavuja, na hilo niliandika kweli. Juzi wiki ya nne ilitimia, daktari akafunua daftari, akaniuliza, "Vidonge anakunywa vyote?" Nikajibu, "Vyote, daktari." Akasema kwa upole kwamba Kidoti ni wa wale wanaoikataa dawa, yaani hata wakiinywa yote haiwasaidii, Alhamisi watamchoma sindano wachukue kipande cha figo, kisha huenda akaanzishiwa dawa kali zaidi. Nikisema ukweli nitaonekana mama gani? Nikinyamaza, mwanangu anachomwa bure. Nifanyeje?

Mama Kidoti

Marahaba, mwanangu. Futa machozi, halafu uvumilie nikukaripie kidogo. Huruma yako naielewa. Hakuna mama anayefurahia mwanawe kuitwa Puto. Uso ule hupungua daktari akishapunguza dozi, na ungeuliza ungeambiwa siku ileile. Lakini we mama, wembe wa kufumulia nguo na dozi ya mtoto, wapi na wapi!

Daktari hapigi ramli. Anatazama dozi aliyoandika na siku ulizohesabu, basi. Daftari lako halina uongo, ila ni la nusu kidonge, naye analisoma akidhani ni kizima.

Usisubiri Alhamisi, nenda kesho asubuhi. Usimwongezee wala kumkatishia dawa kwa akili yako, ni hatari. Daktari ndiye atakayepanga. Beba daftari na lile kopo. Ulimi ukiwa mzito, mimina vipande mezani, ataelewa. Atakasirika, ndiyo, na utamvumilia. Mama mkwe nenda naye, hilo la kuua mjukuu amuulize daktari mwenyewe.

Sikudanganyi: huenda hata dozi kamili isifue dafu, na sindano ikawa lazima. Lakini leo hii hakuna mtu anayeweza kusema Kidoti ameikataa dawa. Bado hajapewa.