Waya Uliopita Juu ya Bati

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika hiyo shikamoo halafu nikakaa kusubiri marahaba yako, kama mjinga.

Nilitaka kukuambia kwamba huku Kinole hatujambo. Nimeshindwa. Chumba cha Bibi kimeungua. Mama yako amepona, ila mkono mmoja umebabuka kwa sababu alirudi ndani kuchukua koti lako, na sasa analala kwa jirani. Karafuu zake zote zilizokuwa darini zimeteketea. Kijiji kilinukia vizuri mpaka kesho yake, nami nikaichukia harufu ile.

Na wanasema ni wewe. Wewe uliyewafungia sola karibu kila nyumba ya mlima huu! "Mganga hajigangi," wanasema, "fundi kaunguza nyumba ya mama yake." Wengine wamenifuata niwashushie paneli zako, wanaogopa. Nimezishusha. Kila niliyoigeuza nimekuta waya umefungwa chini ya fremu, mbali na bati, kwa vile vipande vyako vya mpira wa baiskeli, vimekaza kama ulivyoviacha. Nimevikata kwa kisu huku nalia juu ya mapaa ya watu.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipandisha? Watu walitucheka, eti mpwa wa kike anarukaruka juu ya bati. Ukanipa blanketi la kijivu, ukasema, "Mfunike kwanza. Huyu jua likimwona, hana kuzima." Nikaifunika paneli kama mgonjwa wa homa. Kisha ukapitisha kidole kwenye ukingo wa bati, polepole. "Bati lina meno, mwanangu. Waya usilale juu yake hata siku moja." Na pale waya unapoingia ukutani ukauacha uning'inie kidogo, ukasema hilo ni tumbo, maji ya mvua yadondokee hapo yasiufuate ndani. Nikakuambia tumbo lenyewe kama lako. Ulicheka mpaka nikaogopa utaanguka.

Sasa nisikilize. Baada ya moto nilipanda peke yangu. Kazi yako ilikuwa salama. Kilichounguza ni waya mwingine, mwembamba, ulioungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye fyuzi, kale kadude ulikokuwa ukisema kazi yake ni kuungua ili nyumba ipone. Waya huo ulipanda darini, ukatokeza juu ya bati, ukaelekea uwanjani kwenye turubai la msiba wako. Ili usipeperuke, uligandamizwa kwa jiwe, moja ya mawe yetu ya kuzuia bati lisichukuliwe na upepo. Masika yalipoanza, bati likawa linacheza chini ya jiwe, likautafuna waya taratibu, mpaka shaba ikagusa shaba, ukashika moto.

Ni Damasi, Mjomba. Ni mwanao.

Alifika kutoka mjini akakukuta jenezani, na hakulia. Alikuwa anazunguka tu akitafuta kazi ya kufanya. Giza lilipoingia akasema, "Baba kawasha taa za watu wote, leo akeshewe gizani?" Mimi nilikuwa mkekani ndani na wanawake. Niliona mwanga umejaa uwanjani, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake. Wote tulimsifu. Tulipoanua matanga turubai likashushwa, taa ikarudishwa ndani, na hakuna aliyekumbuka waya uliobaki juu.

Hajui. Ndiye anayepanda mlima kila akipata nafasi kuja kukandika ukuta wa Bibi, udongo mpaka mabegani. Jumapili baada ya misa akanivuta pembeni. "Dada, wewe ulipanda. Ni kweli baba alikosea?"

Kipande cha ule waya nilikuwa nacho mfukoni, nimekishika. Nikisema hukukosea, atauliza nani basi. Na akishajua, akitazama ule mkono wa Bibi, ataishi vipi? Alikuwa anakulilia, Mjomba. Ile taa ndiyo ilikuwa kilio chake.

Nikamwambia, "Baba yako alikuwa binadamu."

Akaitikia kwa kichwa. Uso wake ulivyoanguka sitausahau. Akarudi kukanda udongo.

Nimekukasirikia kwa kufa. Kifua tu, Mjomba, kifua cha kawaida cha baridi ya mlimani, ukaniachia mzigo huu! Mafundi wapya wanalaza waya juu ya bati kama wanaanika nguo, na nikisema naambiwa ninyamaze, mwanafunzi wa yule aliyechoma nyumba. Hakuna anayeniita tena. Blanketi lako nimelikunja, silikunjui. Sioni kitu mbele.

Najua ungesema nini. Ungesema, "Mwache mtoto." Hata sikuhitaji kukuuliza.

Kwa hiyo nimekifukia kile kipande kaburini kwako, upande wa miguu, udongo bado laini. Nakuahidi sitasema, si kwa Bibi, si kwa padri, si kwa Damasi hata akiwa mzee. Watakapokutukana nitakuwa nimesimama hapohapo na mdomo umefungwa, na itaniuma kila mara.

Pumzika, Mjomba wangu. Jina lako liungue, Damasi apone.

Mpwa wako,
Sesilia