Kisanduku cha Vitabu Kipo Kwangu, Mwalimu

Mwalimu Restituta, jirani yangu,

Nianze na habari ambayo najua ungeiuliza kabla hata ya salamu: kisanduku kipo. Kipo kwangu, juu ya kinu nilichokigeuza ili mchwa wasikifikie, na nimekifunika kwa kitenge chako cha bluu ambacho kaka yako alikisahau kwenye kamba. Vitabu vyote vimo. Nilivihesabu mara mbili, halafu Zulfa akavihesabu tena, maana hesabu zangu unazijua.

Unisamehe mwandiko. Hii ni siku ya nne naandika, nikifika kwenye neno gumu namwita mtoto. Ningekuja kaburini kukwambia kwa mdomo, lakini walikusafirisha kwenu Kagera, na mimi Kagera naijua kwa senene tu. Unakumbuka? Ulirudi likizo na kopo lako la wale panzi wa kukaanga, ukafungua kifuniko, mimi nikaruka mpaka uani. Ukasema, "Watu wa kusini mnaokula panya, leo mnaogopa senene?" Nikaapa kwamba sisi kwetu ni Waislamu, panya sijawahi kumtia mdomoni. Ukashika ubavu kwa kucheka. "Hujawahi, Mama Zulfa, au hujasema?"

Jamani, nani atanichokoza tena hivyo hapa mtaani kwetu Chuno?

Mwanzoni nilikuogopa, na nadhani ulijua. Mwalimu mgeni, hana mume, hana mtoto, ana kisanduku. Kila Jumamosi asubuhi watoto wa mtaa mzima wako barazani kwako, wakirudi majumbani wanasimulia majini na milango isiyoonekana. Zulfa akaja na kitabu cha yule msichana anayeingia chini ya ardhi kupitia kichuguu. Jalada lenyewe linamwonyesha nusu yuko nje, nusu kamezwa. Mwalimu, kwetu mtoto haruhusiwi hata kukalia kichuguu, wanasema ni mlango wa majini. Mimi nilipoiona picha ile moyo ulinidunda kama mtu anayetwanga.

Siku hiyo nilikuwa nabangua korosho. Nikakichukua kitabu mtoto akiwa anaoga, nikakichimbia chini ya rundo la maganda, nikijiambia nitakurudishia mwenyewe na maneno juu yake. Sasa, hapa kwetu mtoto wa miaka saba anajua kwamba ganda la korosho linatoa mafuta yanayobabua. Mimi mwenyewe najipaka majivu mikononi kabla ya kubangua, na vidole vimebabuka hivyohivyo maisha yangu yote. Lakini akili ya mwenye hofu haikai kichwani. Baada ya siku tatu nilipokifukua, kurasa za mwisho zilikuwa zimeshikana, nyeusi kama lami.

Nilikuletea nimekifunga kwenye kanga, nimeshajiandaa kutukanwa. Wewe ukakigeuza, ukakinusa, ukaniangalia. "Mama Zulfa, umemwacha mtoto wa watu chini ya ardhi."

Na adhabu ukanipa papo hapo: Jumamosi nije na korosho zangu, nibangulie barazani kwako, nisikilize kitabu chote mpaka pale kilipobabuka, kisha niseme mimi mtoto anatokaje.

Nikaja nimenuna. Mara ya pili nikaja sijanuna. Ile nchi ya chini ya kichuguu, Mwalimu, ambako mtu hapati jina mpaka awe amemlisha mwenzake, hata akiwa mzee wa mvi anaitwa "wewe" tu! Niliacha kubangua. Nikawaza watu ninaowajua ambao kule wangeitwa "wewe" mpaka kufa. Nilidhani vitabu vya namna hii ni uongo wa kuchezea akili za watoto. Kumbe aliyeandika alikuwa anatuangalia sisi, halafu akatuhamishia chini ya ardhi ili tusione haya kujitazama.

Tulipofika kwenye kurasa zilizoshikana ukanigeukia. "Haya, mkaguzi, tutolee mtoto." Nikasema atatoka siku mama yake atakaposimama juu ya kichuguu na kumwita, maana jina sasa analo. Watoto wakapiga kelele. Zulfa akaona aibu kwa ajili yangu: "Mama, mama yake alikufa ukurasa wa pili!"

Hapo ndipo nilipogombana na waandishi, na ugomvi huo sijaumaliza. Kila kitabu ulichotusomea, mama amekufa, au amepotea, au amelala usingizi wa uchawi. Nikakuuliza hawa watu mama zao waliwafanya nini. Ukanijibu, "Mama akiwepo mtoto hatoki nyumbani. Ungekuwemo wewe kitabuni, hadithi ingeishia mlangoni: rudi hapa, umekunywa chai?" Watoto walicheka mpaka nikacheka. Lakini neno lile nililibeba mpaka nyumbani, nikalala nalo.

Maana ni kweli. Nilikuwa nadhani vitabu ndivyo vinavyomtia Zulfa woga. Kumbe woga alikuwa nao tayari, kauchukua kwangu kama alivyochukua hii pua. Kitabu kilimpa tu mahali pa kuuweka. Akiogopa ndani ya kitabu anaogopa huku amekaa mkekani, wenzake wamemzunguka, na anaweza kufunga ukurasa akanywa maji. Mimi nilipokuwa mdogo nani alinipa mahali kama hapo?

Si vyote nilivipenda, na nilikwambia. Kile cha mtoto mwenye pete, kila shida anasugua pete, jasho halimtoki hata kidogo, nilisema huyo hajaenda safari, kapelekwa. Ukaandika maneno yangu kwa penseli nyuma ya jalada. Ukaandika na jina: Mama Zulfa. Sikuwahi kuona jina langu ndani ya kitabu. Nilijifanya nachagua maganda.

Lakini kipo kimoja ambacho sikukwambia neno. Kile cha watoto watatu na kisima. Kilikuwa cha mwisho kutusomea, ulikuwa umeanza kukohoa, ukakigawa Jumamosi tatu. Kisima cha kijiji kinakuwa kichungu, watu wanaumwa, na kijiji kizima kinamwangalia bibi mmoja anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Wale watoto badala ya kutaja jina la mtu wanaanza kuuliza. Nani aliteka wa kwanza? Maji ya asubuhi na ya jioni yana ladha moja? Wanapima nyayo kwa kijiti. Mwisho wanakuta mifuko ya mbolea imefichwa juu mlimani, mvua inaishusha kisimani. Bibi hakuhusika.

Ukaniuliza, "Mkaguzi, leo huna neno?" Nikasema kichwa kinaniuma. Ulikuwa uongo, Mwalimu. Neno nilikuwa nalo, niliogopa kulitoa.

Halafu ukaenda hospitali kwa miguu yako na hukurudi.

Kaka yako alipokuja kufunga nyumba, alikisogeza kisanduku kwa mguu, akauliza, si kwa ubaya, nani anataka haya makaratasi. Mdomo wangu ukasema "mimi" kabla kichwa hakijaulizwa. Baba Zulfa aliporudi kutoka lindoni Madimba na kukikuta, akasimama mlangoni. "Wewe uliyekuwa unayakimbia majini, leo umeyapangisha chumba?" Lakini yeye ndiye aliyekigongomelea bawaba mpya.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri. Zulfa anasoma nje kwetu, mimi nabangua, watoto wanafika kumi na moja. Kisha maneno yakaanza bombani. Kwamba vitu vya marehemu havikai hivyo. Kwamba Swaumu, binti wa jirani yetu wa pili, ameota bibi mwenye macho mekundu akalia. Jumatano wakaja wanawake watatu, Mama Swaumu mbele. Nilijua kwa namna walivyokataa kukaa.

Mama Swaumu akasema, "Dada, hatuna ugomvi na wewe. Hicho kisanduku kichomwe. Kuna kitabu kinawafundisha watoto kwamba wachawi ni watu wazuri."

Niliogopa. Nataka ujue hivyo, usidhani jirani yako amekuwa shujaa. Nilikuwa karibu kusema haya, chukueni. Mkono ulishafika kwenye kitenge chako. Nikawaza Zulfa atasoma nini. Nikawaza wale watoto kumi na moja, siku kitu kikiharibika hapa mtaani, watafanya nini: watapima nyayo, au watataja jina la mtu?

Basi nikawaambia jambo ambalo miaka yote niliyokaa Chuno sikumwambia mtu, hata wewe.

Nikawaambia mama yangu alikuwa na macho mekundu. Alikuwa anakausha samaki wa mtoni kwa moshi kule Mahurunga, kutwa kucha yuko kwenye moshi, macho yangekuwaje? Masika moja watoto wawili wa nyumba ya jirani waliumwa tumbo, mmoja akafa. Hakuna aliyeuliza walikunywa maji ya wapi. Walimwangalia mama yangu tu. Hawakumpiga. Waliacha kuja kuomba moto kwake. Walisubiri amalize kuteka maji, aondoke, ndipo wao wasogee. Mpaka tukahama, na shule yangu ikaishia pale, darasa la nne. Mama alikufa bila mtu kumwambia samahani. Nikawaambia, mtoto mmoja tu mwenye kijiti cha kupimia angetokea kijijini kwetu, mimi leo ningekuwa nasoma mwenyewe bila kuita mtu.

Nikasikia moyo wangu ukisema, umekwisha, wewe sasa ni binti wa mchawi.

Mama Swaumu akasema polepole, "Umekaa na sisi miaka yote hii, hukusema?"

"Ningesema," nikamjibu, "ungekunywa chai yangu?"

Wale wawili waliondoka, hata kwaheri hawakusema. Yeye akabaki amesimama. Kisha akavua viatu, akakaa, akasema nimsomee pale wanapopima nyayo. Zulfa alikuwa shuleni. Nikakifungua mwenyewe, Mwalimu, nikaweka kidole chini ya mstari. Nilisoma vibaya sana. Neno "uchunguzi" nililivunja vipande vinne. Hakucheka. Nilipofika mwisho wa ukurasa akashika magoti, akainuka, akaondoka. Mpaka sasa sijui alichofikiri. Ila Jumamosi ile Swaumu alikuja, amepakwa mafuta, nywele zimesukwa upya.

Sikufichi mengine. Watoto waliokuwa kumi na moja sasa ni sita. Kuna mwanamke ambaye zamani alikuwa anakuja kuazima chungio kwangu, siku hizi ananisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Inauma. Kuna asubuhi nikienda bombani nahisi naiona ile foleni aliyokuwa anaiona mama yangu. Ndipo nilipomwambia Zulfa tuhamie ndani, tusome nyuma ya pazia, kwa sauti ndogo, watu wasahau. Mtoto akanitii, akatandika mkeka chumbani, akafunga dirisha. Nikawaona watoto wamekaa gizani wananong'ona kama wezi wa kuku, na kitabu katikati yao kama kitu kilichoibwa. Nikasema hapana. Anayepita na kusikia minong'ono ataongezea maneno yake mwenyewe, na hayo yatakuwa mabaya kuliko chochote kilichomo kitabuni.

Kwa hiyo ahadi yangu kwako ni hii. Tutasomea nje, mbele ya mlango wangu, kwa sauti ya kufika barabarani. Anayetaka kujua kisandukuni mna nini hatahitaji kumwuliza mtu. Asimame tu, asikilize, na akiwa na neno aseme, nitaliandika nyuma ya jalada pamoja na jina lake. Nikitishwa nitaogopa, maana ndivyo nilivyoumbwa. Lakini nitaogopa huku nimekaa hapohapo.

Mungu akulaze pema, Mwalimu wangu. Kwaheri. Leo ni Jumamosi, watoto watatu wamekwisha fika na mmoja hajafumba mdomo tangu aingie. Naenda kutandika mkeka.

Jirani yako,
Mama Zulfa